Nilisema mdogo wangu hana akili

WAHENGA walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30. Nimeiandika ubaoni, nimewatungisha watoto insha juu yake, na insha hizo nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini leo nakiri mbele yako, msomaji, kwamba niliifundisha bila kuiamini. Moyoni mwangu niliamini kuwa nywele wanazo baadhi ya watu, na waliobaki ni vipara.

Aliyenitikisa ni binti yangu, mwanafunzi wa sekondari. Jumapili moja alasiri tulikuwa tumeketi barazani nyumbani kwetu Kipevu, pale ambapo ardhi huanza kuteremka kuelekea bandarini. Alikuwa ameichukua simu yangu, akaiuliza swali la hesabu, nayo ikamjibu hatua kwa hatua kwa Kiswahili kilichonyooka. Alipomaliza kunakili aliinua uso.

"Baba, hii simu ina akili kukushinda?"

Nilikuwa natafuta la kujibu alipoongeza lingine.

"Basi baba mdogo si ndiyo inamshinda kabisa?"

Hapo nikanyamaza. Baba mdogo wake, yaani ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa kazini saa ile ile. Tuliweza kuziona kreni za bandari kutoka pale tulipoketi, na katika mojawapo ndimo alimokuwa. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Katika ukoo wetu imekuwa desturi kwamba mtu akitaka mfano wa asiyejaliwa kichwa, humtaja huyo. Na desturi hiyo niliianza mimi.

Desemba 1992

Mdogo wangu alifanya mtihani wa KCPE mwaka 1992, enzi zile alama zilipokuwa zikihesabiwa kwa 700. Alipata 261. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu na nimekuja nyumbani likizoni. Baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja, aliniita akaniketisha. Akaniambia, "Wewe ndiwe msomi wetu. Huyu mwenzio tumtafutie shule ya kulipia, au tufanyeje?"

Nilimjibu bila kusita. "Baba, usitupe pesa. Huyu hana akili."

Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu amesimama mlangoni, ameshika birika la chai. Aliliweka mkekani, akatoka. Wiki iliyofuata alikuwa mmoja wa vijana wanaopanga foleni alfajiri kwenye lango la bandari wakisubiri kuitwa kibarua.

Usifikiri nilisema kwa chuki. Nilikuwa na ushahidi wangu, na kwa maoni yangu ulikuwa ushahidi mzito. Wa kwanza ulikuwa ile karatasi ya matokeo. Wa pili ulikuwa drafti. Chini ya mwarobaini ulio karibu na nyumba yetu palikuwa na ubao wa drafti uliochorwa kwa mkaa, na kete zilikuwa vifuniko vya soda, upande mmoja vimeangalia juu na upande wa pili vimefudikizwa. Pale mimi nilikuwa bingwa. Mdogo wangu hakudumu nami hata dakika kumi, kwani macho yake yalikuwa hayatulii ubaoni. Yalikuwa yakitazama meli na winchi zinazoshusha mizigo. Nilisema huyu ni mzubavu.

Wataalamu nao walianzia kwenye drafti

Swali la binti yangu lilinifanya nisome, na nilichokisoma kilinishangaza. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing aliandika makala akiuliza kama mashine inaweza kufikiri. Kwa kuwa neno "kufikiri" halishikiki kwa urahisi, alipendekeza jaribio: mtu aongee kwa maandishi na asiyemwona, na akishindwa kutambua kama anaongea na binadamu au mashine, basi tuna haki gani ya kuinyima mashine sifa hiyo? Miaka sita baadaye, katika kiangazi cha 1956, kundi dogo la wataalamu lilikutana katika chuo cha Dartmouth huko Marekani. Mmoja wao, John McCarthy, ndiye aliyelipa somo hili jina lake, ambalo sisi twalitafsiri akili bandia, akili mnemba au akili unde. Waliamini kuwa kila sehemu ya akili inaweza kuelezwa kwa usahihi kiasi cha kuigwa na mashine, na walitumaini kupiga hatua kubwa katika msimu ule mmoja.

Je, walichagua kipimo gani cha akili? Walichagua kuthibitisha kanuni za hesabu, sataranji, na, amini usiamini, drafti. Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alitengeneza programu ya drafti iliyojifunza kutokana na michezo yake yenyewe, akaieleza katika makala ya mwaka 1959. Hoja yao ilikuwa sawa na yangu chini ya mwarobaini: mambo yanayowatoa jasho wasomi ndiyo akili yenyewe. Mashine ikiyaweza hayo, haya mengine ambayo hata mtoto huyafanya yatakuja bila taabu.

Upande wa kwanza wa hoja hiyo ulitimia. Mwaka 1994 programu iitwayo Chinook, iliyotengenezwa Kanada na Jonathan Schaeffer na wenzake, ilitwaa ubingwa wa dunia wa drafti baada ya bingwa Marion Tinsley kujiondoa kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 2007 wenye Chinook walitangaza kuwa mchezo huo wameumaliza. Ubao wa drafti ya Kiingereza una namna za kukaa kete zipatazo 5 ikifuatwa na sufuri 20, nao walipekua za kutosha kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea daima watatoka sare. Drafti yetu ina sheria zake, kwani kingi wetu hukimbia mlalo mzima, lakini nilielewa somo. Ubingwa wangu ulikuwa kazi ya kuhesabu "nikisogeza hiki, atakula kile", na mashine huhesabu kuliko mimi.

Sataranji nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Mei 1997, mjini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Iliweza kupima namna milioni 200 za kukaa kete kwa sekunde moja. Lakini kuna jambo dogo ambalo watu hawalitaji sana. Deep Blue haikuweza kuinua kete. Mtaalamu mmoja alilazimika kuketi mbele ya Kasparov, asome kwenye kioo uamuzi wa mashine, kisha anyooshe mkono wake wa nyama na mifupa kuisogeza kete hiyo. Kazi ambayo mtoto wa miaka miwili angeifanya haikuwa imo katika ile mashine.

Jambo hilo mtaalamu Hans Moravec alikuwa amelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988. Alisema ni rahisi kuifanya kompyuta ifikie mtu mzima katika drafti au mtihani wa akili, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Kuona, kushika na kusimama bila kuanguka ni ujuzi ambao viumbe wameupata kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Umezama ndani yetu hata hatuuoni kuwa ni ujuzi. Hesabu na drafti ni mambo ya juzi tu, na kwa kuwa bado yanatutoa jasho, tunayavika taji la akili.

Funguo na kikombe

Jioni ile mdogo wangu alipita nyumbani akitoka zamu. Alianza kwa kubeba magunia, akaja akaendesha gari la kunyanyulia mizigo, kisha akapelekwa mafunzo, na leo anaendesha kreni katika kituo cha pili cha makontena hapa Kipevu, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwuliza kazi yake inakwendaje. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akatueleza kuwa huketi juu sana, katika chumba kidogo chenye sakafu ya kioo, akitazama chini kati ya miguu yake. Kontena huning'inia kwa kamba za chuma, na lililojaa huweza kufika tani 30. Chumba chake kikisogea kuelekea nchi kavu, kontena hubaki nyuma, kisha huja kwa kishindo na kupita mbele, kama bembea. Upepo wa kusi ukivuma ndio huongeza mambo. Na chini kuna lori, na ndani ya lori kuna dereva.

"Sasa unalizuiaje lisibembee?" binti yangu akamwuliza.

"Halizuiliwi, mwanangu. Ukilivuta kulirudisha unaliongezea wazimu. Unalifuata. Linapokwenda, unakwenda nalo, ufike juu yake pale pale linapotaka kusimama."

"Unajuaje kwamba sasa ndipo linataka kusimama?"

Alifikiri kwa muda. Kisha akanitazama mimi, si mtoto. "Hilo siwezi kukwambia, kaka. Mikono ndiyo inayojua."

Binti yangu alifunga funguo kwenye uzi, akaweka kikombe mezani na kujaribu kuzipeleka funguo juu ya kikombe na kuzituliza hapo. Zilibembea zikagonga ukingo. Nami nilijaribu, mwalimu wa hesabu, nikakiangusha kikombe. Mdogo wangu akauchukua uzi. Mkono ukaenda, ukasita kidogo, ukaenda tena nusu shubiri, na funguo zikasimama kimya juu ya kikombe kana kwamba zimepigiliwa msumari.

Jibu lake kwamba mikono ndiyo inayojua ndilo lililowakwamisha watafiti wa akili bandia. Katika miaka ya 1970 na 1980 walijaribu kuwahoji mabingwa wa fani mbalimbali ili wayaandike maarifa yao kama kanuni: likitokea hili, fanya lile. Huko Stanford ilitengenezwa programu ya MYCIN, iliyokuwa na kanuni za udaktari kwa mamia ya kutambua maambukizi ya damu, na katika majaribio ilifanya vyema. Lakini kila walipokwenda kwa bingwa, walikuta ukuta. Bingwa hujua zaidi ya anavyoweza kusema. Ukimlazimisha aseme, hukupa kanuni ambazo yeye mwenyewe hazifuati.

Ndipo wengi wakageukia njia nyingine, ambayo wachache walikuwa wameishikilia tangu zamani. Badala ya kuipa mashine kanuni, waliionyesha mifano. Mashine huonyeshwa picha, hukisia ni paka au ni kikapu, na ikikosea namba zake za ndani hurekebishwa kidogo. Kisha huonyeshwa picha nyingine, na nyingine, mamilioni. Mwaka 2012 programu ya namna hiyo kutoka chuo kikuu cha Toronto, kazi ya Geoffrey Hinton na wanafunzi wake wawili, iliwaacha mbali washindani katika shindano la kutambua picha, na tangu hapo njia hiyo ndiyo iliyotawala. Hata programu za kuzungumza, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, zimelelewa hivyo. Zimesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi, zikakisia neno lifuatalo, zikakosea, zikarekebishwa. Kwa hiyo hujibu vizuri ajabu, na pia huweza kukosea kwa sauti ile ile ya uhakika.

Ukitazama vyema, hiyo ni njia ya mwanagenzi. Mdogo wangu alijifunza kreni kwa kuketi kando ya mzee aliyemtangulia, akitazama, akijaribu, akikemewa, akirudia. Watafiti walianza kwa kuitafuta akili kule nilikoitafuta mimi, kwenye kanuni na mtihani, wakaishia kuitafuta kule alikokwenda yeye alipofukuzwa na ulimi wangu.

Sitaki kukudanganya kwamba mashine haitafika kwenye kreni. Katika kituo kimoja cha Rotterdam kilichofunguliwa mwaka 2015, kreni za melini hazina chumba cha dereva. Mwendeshaji huketi ofisini na kuziongoza kwa skrini, na magari ya kubeba makontena hujiendesha yenyewe. Mdogo wangu anayajua hayo, na wenzake huyazungumza wakila chakula cha mchana. Lakini hata mashine hizo zina jasho la watu ndani yake. Jarida la Time la Marekani liliandika Januari 2023 jinsi vijana jijini Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ya kutisha ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kazi hiyo ilitaka uamuzi wa binadamu katika kila sentensi, na malipo yake yalikuwa kama ya mtu asiyetumia akili.

Akili ya nyumbani

Hapa nchini kwetu jambo hili lilichunguzwa kabla ya simu hizi kuwako. Katika miaka ya 1970 watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis. Wazazi kule walikuwa na neno ng'om kwa mtoto mwenye akili, lakini walitofautisha akili ya shuleni na akili ya nyumbani. Mwenye akili ya nyumbani ni yule anayeona kazi inayotakiwa kufanywa akaifanya bila kutumwa. Na mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba, kisha wakawapima kwa majaribio ya kishule. Waliojua dawa sana si wao waliong'ara katika majaribio hayo. Kwa baadhi ya majaribio mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kila mtoto alikuwa amejifunza kile ambacho maisha yalimtaka ajifunze.

Nilipolisoma neno lile la Wakipsigis nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelifunika. Mwaka 1993 baba aliugua, na karo yangu ya muhula wa mwisho chuoni ikakosekana. Nilikuwa nimeanza kufunga virago. Mdogo wangu alikuja akaniwekea bahasha juu ya kitabu, akaondoka. Zilikuwa noti za kibarua, nyingine bado zina mafuta ya mashine. Hakuna aliyemwomba. Cheti changu cha ualimu, kilichonipa kiburi cha kuwapima watoto wa watu, kilikamilishwa na pesa za yule niliyesema hana akili.

Basi jioni ile, funguo zikiwa bado juu ya kikombe, nilimwambia, "Ile siku ya matokeo, nilivyomwambia baba, nilikosea."

Hakushtuka. "Najua siku hiyo, kaka. Birika lilikuwa linanichoma mkono, lakini niliona nikiliweka chini nitawakatiza mazungumzo." Kisha akampa mtoto uzi. "Jaribu tena. Usikodolee mkono wako, tazama funguo."

Binti yangu nilimjibu baadaye, tulipobaki wawili. Nilimwambia simu inamshinda baba yake katika mambo kadhaa, nami sioni haya kukubali. Lakini asiulize nani ana akili kumshinda nani, kana kwamba akili ni kilo za sukari kwenye mizani moja. Aulize huyu anajua nini, alijifunzaje, na akikosea ni nani atakayeumia. Baba mdogo wake akikosea, kuna dereva chini ya kontena, naye hulala akilijua hilo. Simu ikikosea hesabu, haitaitwa ubaoni.

Na kwako mzazi mwenzangu, KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mitihani bado ipo, na karatasi za matokeo zitaendelea kuletwa nyumbani. Mtihani hupima kile kinachopimika kwa urahisi, na hicho kina faida yake. Mimi ni mwalimu, siwezi kukidharau. Ila karatasi hiyo ikifika mezani kwako, na ulimi ukakuwasha kutamka neno juu ya mtoto, kwanza geuka utazame mlangoni. Huenda amesimama pale, ameshika birika la moto, akingoja umalize.